Akbar, Mfalme Aliyeondoa Kodi ya Dini

Akbar alikuwa mfalme mkuu wa Bara Hindi. Alizaliwa mwaka 1542 katika ngome ya Umarkot, baba yake Humayun akiwa mkimbizi aliyenyang'anywa ufalme. Mwaka 1556 baba huyo, aliyekwisha kurudi kitini, alikufa. Naye Akbar akatawazwa, angali kijana wa miaka 13.

Yeye alikuwa Mwislamu, bali raia zake wengi walikuwa Wahindu. Hao walitozwa kodi iitwayo jizia kwa sababu tu hawakuwa Waislamu; tena waliokwenda kuhiji mahali pao patakatifu walitozwa nyingine. Akbar aliiondoa kodi ya mahujaji mwaka 1563, na jizia mwaka 1564, ingawa zote mbili zilitia mali katika hazina yake. Alioa binti wa mfalme wa Amber, akawapa Wahindu vyeo vikubwa: Todar Mal alisimamia mapato ya ufalme, na Man Singh aliongoza majeshi.

Walakini tusimsifu kupita kweli. Mwaka 1568, alipoitwaa ngome ya Chittor, aliamuru watu wauawe, wakafa wapata 30,000, wengi wao wakulima waliokimbilia humo. Tena aliutangaza ushindi ule kuwa ni wa dini yake. Aliyeondoa kodi alikuwa hajauweka chini upanga.

Mwaka 1575 alijenga nyumba ya mazungumzo ya dini huko Fatehpur Sikri. Kwanza waliingia wanazuoni wa Kiislamu peke yao; nao walipogombana, aliwaita Wahindu, Wajaini na Waparsi, hata mapadre Wajesuiti wa Goa, waliofika mwaka 1580. Mapadre hao walitumaini kumbatiza, wasifanikiwe. Yeye mwenyewe hakujua kusoma, ila alisomewa vitabu. Akaamuru Mahabharata, kitabu kikuu cha Wahindu, kifasiriwe kwa Kiajemi, Waislamu wapate kujua imani ya jirani zao.

Mwaka 1582 alianzisha chama chake cha dini, lakini waliojiunga walikuwa wachache. Alikufa Agra mwaka 1605. Mwaka 1679 kitukuu chake, Aurangzeb, aliirudisha jizia.

Basi twaona kwamba amri ya mfalme yaweza kumwondolea mtu mzigo, wala haiwezi kumpa imani. Na haki itokayo kwa hisani ya mfalme mmoja, mwingine aweza kuitwaa, isipokuwa imekwisha kukita mizizi katika mioyo ya majirani wenyewe.