Jomo Kenyatta na Lango la Ufundi: Kutoka Thika hadi Juja

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba penye nia pana njia. Hata hivyo, zipo njia zenye malango, na kila lango lina bawabu wake. Mwenye nia anaweza kufika mapema, akabisha hodi kwa adabu, na bado akaambiwa arudi alikotoka. Maisha ya hayati Mzee Jomo Kenyatta, rais wa kwanza wa Kenya, yamesimuliwa mara nyingi kwa upande wa siasa: safari za London, kesi ya Kapenguria, kifungo na hatimaye Ikulu. Upande ambao haujamulikwa vya kutosha ni ule wa ufundi. Kabla ya kujulikana kama mwanasiasa, Kenyatta alikuwa mwanagenzi wa useremala, mfanyakazi wa kampuni ya uhandisi mjini Thika, na msoma mita za maji jijini Nairobi. Mwaka ule ule aliofariki alitoa ardhi baina ya Ruiru na Thika ili pajengwe chuo cha kilimo na teknolojia. Ukifuatwa uzi huu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, unajibu swali linaloendelea kuulizwa katika vyuo: kwa nini baadhi ya watu ni wachache katika madarasa ya uhandisi na tarakilishi?

Mwanagenzi wa Thogoto

Kenyatta alizaliwa Ng'enda, Gatundu, katika miaka ya 1890. Mwaka kamili haukuandikwa popote. Jina lake la kwanza lilikuwa Kamau. Baba yake, Muigai, alifariki mtoto angali mdogo, na mama yake, Wambui, akarithiwa na Ngengi, nduguye marehemu. Mama naye alipofariki, kijana alikwenda kuishi na babu yake, Kung'u wa Magana, huko Muthiga, karibu na misheni ya Kanisa la Uskoti ya Thogoto. Mnamo Novemba 1909 aliingia katika shule ya misheni hiyo. Karo aliilipa kwa jasho lake, akifanya vibarua, na baadaye akawa mtumishi na mpishi wa mlowezi mmoja aliyeishi jirani.

Mwaka huo huo wa 1909 ndio Profesa Fraser alipoiandalia serikali ya kikoloni ripoti kuhusu elimu. Ripoti hiyo iliweka msingi wa elimu iliyogawika kwa rangi: Mzungu asome ili atawale, Mwafrika afunzwe kazi za mikono ili atumikie. Ikumbukwe kwamba kazi za mikono hazikuwa na aibu. Kasoro ilikuwa katika kiwango. Mwafrika aliruhusiwa kushika randa na msumeno, lakini hakutarajiwa kushika kalamu ya kuchora ramani ya jengo lenyewe.

Mnamo 1912 Kenyatta alimaliza masomo ya awali na kuwa mwanagenzi wa useremala. Mnamo Agosti 1914 alibatizwa kwa jina la Johnstone. Baada ya uanagenzi, aliomba kuendelea na ufundi wa pili, yaani uashi wa mawe. Misheni ilikataa. Akaomba basi apendekezwe ili apate kazi mahali pengine. Hapo pia mkuu wa misheni alikataa, kwa tuhuma kwamba kijana huyo aliwahi kukosa uaminifu katika jambo dogo. Milango miwili ikafungwa kwa mfululizo. Wa kwanza ulikuwa wa ujuzi, na wa pili ulikuwa wa barua. Mpaka leo mwanafunzi wa ufundi huihitaji yote miwili, kwa kuwa ujuzi bila mtu wa kukudhamini haukufikishi mbali.

Thika na mfuko wa mshahara

Kijana hakukata tamaa. Alielekea Thika, mji mdogo uliokuwa ukikua upesi kutokana na mashamba ya mkonge na kahawa, na ambako reli kutoka Nairobi ilikuwa imefika mwaka wa 1913. Huko alipata kazi katika kampuni ya uhandisi iliyoendeshwa na Mzungu aliyeitwa John Cook. Jukumu alilopewa linastahili kutafakariwa. Alitumwa benki Nairobi, mwendo wa takriban kilomita 40, kuleta fedha za mishahara ya wafanyakazi.

Kinaya kilichopo hapa ni kikubwa. Mtu yule yule aliyenyimwa barua kwa tuhuma za kutokuwa mwaminifu ndiye aliyekabidhiwa mfuko wa mshahara wa kampuni nzima. Tabia yake haikubadilika njiani kati ya Thogoto na Thika. Kilichobadilika ni jicho lililomtazama. Thogoto alitazamwa kwa shaka, Thika akapewa nafasi ya kujaribiwa. Kazi hiyo aliiacha kwa sababu ya maradhi makali, akaenda kuuguzwa kwa rafiki yake katika misheni ya Tumutumu.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipopamba moto na serikali kuwashika vijana wa Kikuyu kwa nguvu ili wabebe mizigo ya jeshi, Kenyatta alikimbilia Narok, katika nchi ya Wamaasai, akafanya kazi kwa mkandarasi Mhindi. Huko ndiko alikozoea kuvaa mshipi wa shanga ambao unahusishwa na jina lake la Kenyatta. Baadaye alirudi Nairobi, akawa karani wa duka, na jioni akahudhuria masomo. Mnamo 1919 alimwoa Grace Wahu.

Mnamo Aprili 1922 njia yake ilikutana tena na ya John Cook. Cook alikuwa sasa msimamizi wa maji wa baraza la mji wa Nairobi, na alimwajiri Kenyatta kuwa karani wa bohari na msoma mita. Mshahara ulikuwa shilingi 250 kwa mwezi, kiasi ambacho Waafrika wachache mno walikipata siku hizo. Mapato hayo yalimpa uhuru wa kujitegemea na ujasiri wa kusimama mbele ya watu. Yaani nafasi moja katika kazi ya ufundi, iliyotolewa na mtu mmoja aliyekuwa anamjua tangu Thika, ilichangia kumwandaa kiongozi wa taifa. Lakini papo hapo pana funzo jingine. Msoma mita hakuwa mhandisi wa maji. Aliweza kuandika kiasi cha maji yaliyopita katika bomba, lakini hapakuwa na chuo nchini ambacho kingemfunza kulipitisha bomba lenyewe.

Mzozo wa wasichana na chuo cha Githunguri

Mnamo 1928 Kenyatta alikuwa katibu mkuu wa Kikuyu Central Association na mhariri wa gazeti la Muigwithania. Mwaka uliofuata alisafiri kwenda London, na wakati huo huo mzozo mkali kuhusu tohara ya wasichana ulizuka baina ya misheni na Wakikuyu wengi. Misheni zilidai wafuasi wao waikane tohara hiyo. Familia zilizokataa zilitoka makanisani na watoto wao wakafukuzwa shuleni. Kutokana na mzozo huo, shule huru za Wakikuyu zilishamiri. Katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka wa 1938, kilichotokana na masomo yake ya anthropolojia London chini ya Malinowski, Kenyatta aliitetea desturi hiyo. Wasomi wa leo wana haki ya kumhoji kwa msimamo huo. Wanaume wa pande zote mbili walibishana juu ya miili ya wasichana, na ni wachache waliouliza wasichana wenyewe walitaka kusoma nini.

Kenyatta alirejea Kenya mnamo Septemba 1946 na mwaka wa 1947 akashika uongozi wa Chuo cha Walimu cha Githunguri, kilichoanzishwa na Peter Mbiyu Koinange mwaka wa 1939. Chuo hicho kilijengwa kwa michango ya wananchi wa kawaida. Wanawake walichangishana ili wasichana nao wapate bweni lao. Mchango huo una uzito mkubwa katika historia hii. Wanawake hao, wengi wao wakiwa hawakuingia darasani, walitambua kwamba msichana hawezi kunufaika na chuo kisichokuwa na mahali pake pa kulala kwa usalama. Mwaliko peke yake hautoshi. Mgeni hutandikiwa kitanda.

Oktoba 1952 Kenyatta alikamatwa. Serikali ya kikoloni ikakifunga chuo cha Githunguri, na mahali pa kusomea pakageuzwa kuwa mahali pa kunyongea watu. Kenyatta alihukumiwa Kapenguria mwaka wa 1953 na kupelekwa Lokitaung. Alipokuwa kifungoni huko, yaani mwaka wa 1956, Royal Technical College ilifungua milango Nairobi na kuanza kuwapokea Waafrika, Wahindi na Wazungu katika chuo kimoja. Jumuiya ya Wahindi iliyokuwa ikichanga fedha za kumkumbuka Gandhi iliunganisha mradi wake na chuo hicho. Hapo ndipo uhandisi ulipoanza kusomwa nchini bila kutengwa kwa rangi.

Uhuru, lugha na harambee

Kenyatta aliachiliwa Agosti 1961, akawa waziri mkuu mwaka wa 1963 na rais mwaka wa 1964. Tume ya Ominde, iliyotoa ripoti yake ya kwanza mwaka wa 1964, ilipendekeza kuondolewa kwa mfumo wa shule za rangi mbalimbali. Mnamo 1970 Chuo Kikuu cha Nairobi kilizaliwa kutokana na kile chuo cha ufundi cha 1956, na Kenyatta akawa chansela wake wa kwanza. Katika miaka hiyo ya 1970, wananchi walichangishana kwa wito wake wa harambee kujenga vyuo vya teknolojia katika sehemu nyingi za nchi. Hata hivyo, harambee ilikuwa na udhaifu wake. Palipokuwa na pesa na watu wenye sauti serikalini palijengwa upesi, na palipokuwa na ukame na umaskini pakangoja. Bawabu wa rangi aliondoka, bawabu wa eneo na mfuko akachukua zamu.

Mnamo 1974 Kenyatta aliamuru Kiswahili kitumike Bungeni. Wabunge walijadiliana kwa Kiswahili, lakini miswada ikaendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Hali hiyo haitofautiani na ile ya vyuo vya uhandisi, ambako wanafunzi huelezana jambo kwa Kiswahili nje ya darasa, kisha mtihani wakaufanya kwa Kiingereza. Lugha nayo ni lango, na wataalamu wa Kiswahili wanaobuni istilahi za sayansi wameshika mojawapo ya funguo zake.

Shamba la Juja

Mnamo 1978 Kenyatta alitoa hekta 200 za shamba huko Juja, kando ya barabara ya Nairobi kuelekea Thika, baada ya kupita Ruiru. Chuo kilinuiwa kufunza kilimo na teknolojia, kwa ushirikiano na serikali ya Japani. Tathmini ya haki haiwezi kukitenga kitendo hicho na mazingira yake. Wakosoaji hukumbusha kwamba Kenyatta na jamaa zake walijipatia ardhi kubwa baada ya uhuru, huku wengi waliopigania ardhi hiyo wakibaki bila kitu. Tena, Desemba ya mwaka uliotangulia, 1977, serikali yake ilimtia kizuizini Ngũgĩ wa Thiong'o, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi, baada ya mchezo wake wa Kikuyu kuchezwa na wakulima na wafanyakazi wa Kamiriithu. Mkono uliofungua lango Juja ndio uliolifunga Limuru.

Kenyatta alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978, kabla ya jengo lolote la chuo hicho kusimama. Wanafunzi wa kwanza waliingia Mei 1981, na mahafali ya kwanza ya stashahada yakafanyika mwaka wa 1984. Kilifanywa chuo kikuu kishiriki cha Kenyatta University mwaka wa 1988, na mnamo Desemba 1994 kikawa chuo kikuu kamili, Jomo Kenyatta University of Agriculture and Technology. Mwaka wa 2008 kiliongozwa kwa mara ya kwanza na mwanamke, Profesa Mabel Imbuga. Huko Nairobi, mwaka wa 2002, kulikuwa kumeanzishwa chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha wanawake kilichopewa jina la Kiriri, yaani mahali pa wasichana pa kulala katika nyumba ya mama kwa desturi ya Wakikuyu. Jina hilo linakumbusha lile bweni la Githunguri.

Hitimisho

Maisha ya Kenyatta yanadhihirisha kwamba kipawa hakikuwa haba hata mara moja. Kijana aliyekataliwa uashi Thogoto ndiye aliyeaminiwa Thika, na kati ya mahali hapo pawili hapana tofauti ila ya anayeshika ufunguo. Kwa hiyo, msichana, kijana wa kaunti kame, au mlemavu asiyeonekana katika maabara ya tarakilishi hapaswi kuchunguzwa akili kabla lango lenyewe halijachunguzwa: karo yake, bweni lake, ngazi zake, lugha yake na barua ya kumdhamini. Alama za kujiunga zilizopunguzwa kidogo kwa wasichana, na Katiba ya 2010 iliyokataza ubaguzi, zimelegeza bawaba. Kazi iliyosalia ni ya walio ndani. Kenyatta alitoa shamba. Shamba halichagui mbegu. Mkulima ndiye huchagua.