Johan van Veen: Aliyeonya kuhusu matuta mafupi ya Uholanzi

UHOLANZI ni nchi inayolala nyuma ya matuta. Zaidi ya robo ya ardhi yake iko chini ya usawa wa bahari, na kinachozuia maji yasiingie majumbani ni matuta marefu ya udongo na mawe ambayo wananchi wamekuwa wakiyajenga na kuyainua kwa karne nyingi.

Katika nchi hiyo ndipo alipozaliwa Johan van Veen, mhandisi anayeitwa baba wa Mpango wa Delta, kazi kubwa ya kuikinga Uholanzi dhidi ya bahari. Sifa hiyo, hata hivyo, ilikuja baada ya msiba ambao mwenyewe alikuwa ameuonya kwa miaka mingi bila kusikilizwa vya kutosha.

Van Veen alizaliwa Desemba 21, 1893 katika kijiji cha Uithuizermeeden, mkoa wa Groningen, kaskazini mwa nchi. Alisomea uhandisi mjini Delft na kuhitimu mwaka 1919. Alifanya kazi mkoani Drenthe, kisha Suriname, iliyokuwa koloni la Uholanzi, na mwaka 1929 akaajiriwa na Rijkswaterstaat, idara ya serikali inayosimamia barabara na maji.

Huko alipewa kazi ya kuchunguza mwendo wa maji na mchanga katika midomo ya mito na pwani. Alibuni chombo cha chuma cha kuchota udongo kutoka sakafu ya bahari, ambacho kinatumika duniani hadi leo kwa jina lake. Mwaka 1936 alipata shahada ya udaktari kwa utafiti wa mlango wa bahari ulio kati ya Uingereza na Ufaransa.

Kuta zilizopimwa

Enzi hizo desturi ilikuwa rahisi. Maji yalipofika kimo ambacho hakijawahi kuonekana, tuta liliinuliwa kidogo kupita alama hiyo, na watu wakarudi kulala. Tuta ambalo halijavunjika lilihesabiwa kuwa tuta zima.

Mwaka 1939 mtafiti wa idara hiyo hiyo, Pieter Wemelsfelder, alichapisha hesabu iliyotikisa desturi hiyo. Alichukua kumbukumbu za vimo vya maji pale Hoek van Holland na kuonyesha kwamba hakuna kimo kinachoweza kuitwa cha mwisho. Kila kimo kina nafasi yake ya kutokea, hata kile ambacho hakuna mzee anayekikumbuka. Kadiri kimo kinavyopanda, nafasi hiyo hupungua, lakini haiishi.

Mwaka huo huo serikali iliunda tume ya kuchunguza mafuriko ya dhoruba, na Van Veen akawa katibu wake. Matuta ya kusini-magharibi yalipolinganishwa na vimo vinavyoweza kutokea, ilibainika kuwa mengi yalikuwa mafupi kuliko inavyotakiwa, na baadhi yalikuwa dhaifu.

Lakini vita ikaingia nchini Mei 1940, na matuta yakakosa matunzo. Vita ilipokwisha, fedha zilihitajika kujenga nyumba na viwanda. Sehemu kubwa ya taarifa ilibaki kwenye mafaili ya ofisi, huku wakazi wa chini ya matuta wakiendelea na maisha yao. Van Veen aliandika maonyo akitumia jina la Dr. Cassandra, yule binti wa hadithi za Wagiriki aliyetabiri kweli na asisadikiwe.

Januari 29, 1953 mapendekezo ya kufunga midomo ya mito, aliyoyafanyia kazi kwa muda mrefu, yaliwasilishwa kwa wakubwa. Zilikuwa zimebaki siku mbili.

Usiku wa bamvua

Usiku wa kuamkia Februari 1, 1953 ulikuwa wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi ambazo maji ya bahari hujaa kuliko kawaida. Dhoruba kali kutoka kaskazini-magharibi ikayasukuma maji ya Bahari ya Kaskazini kuelekea pwani. Pale Hoek van Holland yalifika mita 3.85 juu ya kipimo cha taifa. Onyo la idara ya hali ya hewa liliwafikia wachache, kwani wakati huo redio ilikuwa ikifunga matangazo usiku.

Matuta mengi hayakusukumwa na kuanguka kutoka upande wa bahari. Maji yalipita juu yake, yakateremka upande wa ndani na kuula udongo mpaka tuta likakatika. Watu 1,836 walikufa nchini humo, na takriban 70,000 wakalazimika kuhama.

Kando ya mto Hollandse IJssel, tuta lililojulikana kuwa dhaifu lilianza kukatika. Nyuma yake palikuwa na eneo lenye watu wapatao milioni tatu. Nahodha Arie Evegroen aliielekeza mashua yake kwenye pengo hilo, ikaziba kama mlango.

Hesabu mpya

Februari 21, 1953 iliundwa Tume ya Delta, na katibu wake akawa Van Veen. Tume ililinganisha gharama ya kuinua tuta na hasara ambayo ingepatikana likivunjika. Kwa sehemu ya kati ya eneo la Holland, magharibi mwa nchi, iliamuliwa kuwa tuta listahimili maji ambayo nafasi yake ya kutokea ni mara moja katika miaka 10,000.

Sheria ya Delta ilipitishwa mwaka 1958, na mwaka huo huo lango la kwanza la kuzuia dhoruba likaanza kazi kwenye mto ule ule wa Hollandse IJssel. Van Veen aliliona hilo tu. Alifariki Desemba 9, 1959 akiwa na miaka 65. Lango la Oosterschelde lilifunguliwa mwaka 1986 na la Maeslant mwaka 1997.

Hata baada ya hapo kazi haikwisha. Ukaguzi wa mwaka 2011 ulionyesha kuwa takriban theluthi moja ya kuta kuu za Uholanzi hazikufikia kiwango. Tofauti na enzi za Van Veen ni kwamba matokeo hayo yalitangazwa, na zipo ramani zinazomwonyesha mwananchi maji yatafika kimo gani nyumbani kwake tuta likivunjika.

Katika eneo letu, wanaopita Gatumba kati ya Bujumbura na Uvira wanakumbuka mto Rusizi ulivyofurika mwaka 2020 na kuwahamisha maelfu. Wanaouza na kununua Budalangi, magharibi mwa Kenya, wanajua jinsi matuta ya mto Nzoia yalivyovunjika mara kwa mara.

Kwa hiyo anayerudi nyumbani na kuonyeshwa kiwanja karibu na mto, au anayetafuta ghala la kuhifadhi mzigo, asiridhike kuambiwa kuwa tuta lipo. Aulize lilijengwa kwa maji ya kimo gani, lilikaguliwa lini, na likikatika maji yatafika wapi. Majibu ya maswali hayo Van Veen alikuwa nayo kabla ya mwaka 1953. Waliokufa hawakuwa nayo.