Thomas Odhiambo: Profesa wa Wadudu Ambaye Huenda Hujawahi Kumsikia

Siku ukipanda feri pale Luanda K'Otieno kwenda Mbita, usikae ukikodolea simu njia nzima. Ng'ambo, kando ya ziwa, kuna kituo cha utafiti chenye jina la Thomas Odhiambo. Uliza mabeshte zako ni nani huyo. Wengi watabahatisha kwamba ni mwanasiasa. Wapi! Alikuwa mtu wa wadudu.

Thomas Risley Odhiambo alizaliwa Mombasa mwaka wa 1931, lakini masomo yalimleta huku kwetu. Alipitia Maseno, ile shule unayoipita ukitoka Kisumu kuelekea Busia, kisha akaenda Makerere. Alifanya kazi ya kilimo nchini Uganda kabla ya kwenda Cambridge, Uingereza. Kufikia 1965 alikuwa amepata shahada ya uzamifu chini ya Vincent Wigglesworth, kigogo wa dunia katika kuchunguza jinsi mwili wa mdudu unavyofanya kazi.

Unakumbuka nzige walipotuvamia kuanzia mwisho wa 2019, kila mtu akiposti video? Basi hao ndio Odhiambo aliwachunguza miaka hiyo ya sitini. Aliwatoa nzige wa kiume vijitezi fulani vidogo sana vya kichwani, na hamu yao ya kujamiiana ikapungua. Fikiria: kitu ambacho huwezi kukiona vizuri kwa macho kinachangia kuamua kama nzige atazaana. Ukielewa siri kama hiyo, unaanza kuwaza njia za kumzuia mdudu bila kumwaga sumu shamba zima.

Sasa hapa ndipo stori inanoga. Akiwa na karatasi za Cambridge mfukoni, jamaa alirudi nyumbani kufundisha chuo kikuu Nairobi. Mwaka wa 1967 aliandika katika jarida la Science la Marekani akitaka Afrika Mashariki ijenge vituo vyake vya sayansi vya hadhi ya juu. Hakutaka tuwe watu wa kuwabebea wageni chupa za sampuli. Mwaka wa 1970 akaanzisha ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, katika eneo la Chiromo. Makao yake makuu leo yako Kasarani, yanaitwa Duduville. Naam, kijiji cha wadudu.

Lakini hakutaka kila kitu kibaki Nairobi. Kituo cha Mbita kilijengwa huku kwa sababu shida zenyewe ziko huku: viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi na mtama, na mbung'o wa Bonde la Lambwe waliokuwa wakisambaza malale. Mtafiti akifungua dirisha, anaona shamba lenye tatizo analolisomea.

Mwaka wa 1983 ICIPE ilianza mpango wa kufunza vijana Waafrika hadi uzamifu kwa kushirikiana na vyuo vya bara hili. Mwaka wa 1985 Odhiambo alishiriki kuanzisha Chuo cha Sayansi cha Afrika, akawa rais wake wa kwanza. Mwaka wa 1987 alituzwa Tuzo ya Afrika ya uongozi dhidi ya njaa, pamoja na Abdou Diouf, rais wa Senegal.

Tusimpake mafuta kupita kiasi, ingawa. Mtu aliyetaka sayansi ya Afrika isimame yenyewe aliendesha kituo kilichotegemea sana pesa za wafadhili wa nje. Sidhani hakuliona hilo. Nadhani aliona ni heri uanze na cha kuazima kuliko usianze kabisa. Deni hilo bado liko mezani kwetu. Aliondoka ICIPE mwaka wa 1994, akafariki 2003.

Baada yake, watafiti wa Mbita walikuja na kilimo cha kusukuma na kuvuta. Unapanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi. Harufu yake inawafukuza nondo wanaozaa wale viwavi. Pembeni unaweka nyasi ya nepia, inawavutia huko. Mizizi ya desmodiamu nayo inaliua kayongo, lile gugu lenye maua ya zambarau ambalo nyanya yako analilaani kila msimu. Halafu ng'ombe anapata chakula.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo sitakuhubiria kuhusu digrii. Ila miaka mingi nilidhani sayansi ni kitu kinachoshuka na ndege kutoka ng'ambo. Kumbe mwingine ulikuwa ukifanyika mwendo wa feri moja tu kutoka hapa. Ukienda ushago likizo hii, ingia shambani na nyanya, umwombe akuonyeshe kayongo. Ling'oe moja, uangalie mizizi yake imeshika nini.