Sir Walter Scott na Hadithi za Maadui Waliopendana

Ye yote apendaye kusoma hadithi za Ulaya ya zamani amekwisha kukutana mara nyingi na hadithi ya namna hii. Kuna ngome iliyojengwa juu ya mwamba. Kuna kijana wa vita aliyevaa deraya, naye ni adui wa watu wa ngome ile. Ndani yake yumo msichana aliyelelewa kulichukia jina la kijana huyo tangu utoto. Wanakutana kwa hasira, wanajibizana kwa maneno makali, na kabla kitabu hakijaisha wamependana. Vitabu vya jinsi hii bado vinaandikwa na kununuliwa na watu wengi, na msomaji ajuaye tangu mwanzo jinsi mambo yatakavyokwisha hukesha vilevile mpaka ukurasa wa mwisho. Kwa nini? Jibu moja twaweza kulipata katika maisha ya mtu aliyewafundisha watu wengi wa Ulaya kuandika hadithi za zamani, naye ni Sir Walter Scott wa Uskoti.

Walter Scott alizaliwa mjini Edinburgh tarehe 15 Agosti 1771. Baba yake alikuwa mwanasheria, na mama yake alikuwa binti wa profesa wa uganga. Alipokuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu alishikwa na homa, na homa ilipomwacha, mguu wake wa kuume ulikuwa umepooza. Alichechemea maisha yake yote. Wazazi wake, ambao walikuwa wamekwisha kuzika watoto wachanga kadhaa, walimpeleka shamba kwa babu yake, mahali paitwapo Sandyknowe, wakitumaini kwamba hewa safi itamponya. Mguu haukupona, lakini huko ndiko alikoipata elimu yake ya kwanza.

Sandyknowe i karibu na mpaka wa Uskoti na Uingereza. Kwa mamia ya miaka watu wa sehemu hizo waliishi kwa kuibiana ng'ombe, kuchomeana nyumba na kulipizana kisasi, ukoo kwa ukoo. Siku za Scott vita hivyo vilikuwa vimekwisha, bali habari zake zilikuwa hazijasahauliwa. Bibi yake na shangazi yake walimsimulia kando ya moto. Katika habari hizo ilikuwamo moja ya ukoo wake mwenyewe. Ilisemwa kwamba babu yake mmoja wa zamani, William Scott wa Harden, alikamatwa akiiba ng'ombe wa ukoo wa Murray, maadui zao. Mzee wa Murray akampa hiari mbili: anyongwe, au amwoe binti yake Agnes, ambaye hakuwa na sura nzuri. Kijana aliutazama mti wa kunyongea, akafikiri, akachagua ndoa. Hadithi hii imetiwa chumvi, maana ndoa hiyo ya mwaka 1611 ilifanywa kwa mkataba wa taratibu. Lakini ndoa yenyewe ni ya kweli, na Walter Scott alitoka katika kizazi chake. Basi mtoto yule alijua mapema kwamba yeye mwenyewe ni tunda la maadui waliopatana.

Alisoma katika shule kubwa ya Edinburgh, kisha Chuo Kikuu cha mji huo, na mwaka 1792 akawa wakili. Katika ujana wake alimpenda msichana mmoja, Williamina Belsches, kwa miaka kadhaa. Msichana huyo hakumchagua yeye. Mwaka 1797 aliolewa na William Forbes, mwana wa mwenye benki. Scott aliumia sana. Nawaomba wasomaji walikumbuke jina la Forbes, kwa maana tutakutana naye tena.

Mwaka uo huo Uingereza na Uskoti zilikuwa vitani na Ufaransa, na watu waliogopa kwamba Wafaransa watavuka bahari. Scott, ingawa alikuwa kiwete, alipanda farasi vizuri, akajiunga na kikosi cha askari wa kujitolea kuwangoja Wafaransa hao. Basi mwezi wa Septemba, alipokwenda kupumzika mahali paitwapo Gilsland, alimwona msichana akipanda farasi, akataka kumjua. Jina lake lilikuwa Charlotte Charpentier, na jamaa zake walikuwa watu wa Lyon, Ufaransa. Majuma machache tu yalipita, naye akamposa. Wazazi wa Scott waliingiwa na wasiwasi juu ya mgeni huyu, lakini tarehe 24 Desemba 1797 wakaoana mjini Carlisle. Askari aliyejifunza upanga kwa ajili ya Wafaransa alikaa na mke Mfaransa karibu miaka 29, wakalea watoto wanne.

Scott alipewa kazi ya hakimu katika wilaya ya Selkirk mwaka 1799. Kazi hiyo ilimpa nafasi ya kuzunguka mpakani na kuwasikiliza wazee waliojua nyimbo za vita vya zamani, naye akaziandika na kuzitoa kitabuni mwaka 1802. Mwaka 1805 alitoa utenzi wake mwenyewe, The Lay of the Last Minstrel. Humo Margaret, binti wa ngome ya Branksome, anampenda Bwana Cranstoun, mtu wa upande wa wale waliomwua baba yake. Mama yake hataki hata kulisikia jina la Cranstoun. Lakini kijana huyo anahatarisha maisha yake kwa siri ili kumkomboa mdogo wake Margaret aliyetekwa na Waingereza. Hapo moyo wa mama unavunjika, kisasi kinawekwa chini, na ndoa inafanyika. Watu walikinunua kitabu hicho kwa wingi, na Scott akawa maarufu.

Mwaka 1814 alianza kuandika hadithi ndefu zisizo za mashairi, bila kutia jina lake. Ya kwanza iliitwa Waverley, nayo ilieleza maasi ya mwaka 1745. Nyingine zikafuata upesi. Katika The Bride of Lammermoor ya mwaka 1819, Edgar Ravenswood anampenda Lucy, binti wa mtu aliyeuangusha ukoo wake. Vijana hao wako tayari kusahau ya nyuma, lakini mama yake Lucy hayuko tayari. Anamlazimisha binti yake kuolewa na mtu mwingine, na usiku wa harusi Lucy anamchoma bwana arusi kwa kisu, anarukwa na akili, na kufa. Edgar naye anamezwa na mchanga wa pwani pamoja na farasi wake. Tazameni tofauti ya hadithi hizi mbili. Mapenzi ni yale yale. Katika ile ya kwanza mzee aliacha kisasi, na katika hii hakuacha.

Mwisho wa mwaka uo huo kilitoka kitabu chake kijulikanacho kuliko vyote, Ivanhoe. Kinaeleza Uingereza ya mwaka 1194, katika siku za Mfalme Richard, na uadui wa Wasaksoni, wenyeji wa nchi, na Wanormani waliowashinda mwaka 1066. Ndani ya kitabu yumo Rebecca, binti wa Myahudi, msichana mwenye akili, uzuri na ujuzi wa kuganga majeraha. Brian de Bois-Guilbert, shujaa wa chama cha Templari, anamteka na kumfungia katika ngome, kisha anampenda kwa moyo wote. Anamwahidi utukufu na mali. Rebecca anasimama ukingoni mwa ukuta wa ngome, tayari kujitupa chini kama akikaribiwa. Baadaye anashtakiwa kwa uchawi, na shujaa huyo huyo analazimishwa na wakubwa wake kupigana ili ahukumiwe kufa. Moyo wake unagawanyika mara mbili, naye anaanguka na kufa uwanjani pasipo jeraha kubwa.

Wanafunzi wasomao vitabu vya mapenzi wayatie maanani mambo haya. Viko vitabu vingi ambamo mtekaji hufanywa mchumba kwa urahisi, kana kwamba kufuli ya mlango ni dalili ya mapenzi. Scott hakukubali jambo hilo. Bois-Guilbert alikuwa shujaa, tena alipenda kweli, lakini alitaka kupewa kwa nguvu kitu kisichopatikana ila kwa hiari. Mtu aliyeshika upanga hawezi kuposa.

Rebecca mwenyewe anampenda Ivanhoe, lakini Ivanhoe anamwoa Rowena, Msaksoni mwenzake, na Rebecca anahamia Hispania pamoja na baba yake. Wasomaji wengi walikasirika. Scott aliwajibu mwaka 1830, akieleza kwamba chuki ya siku zile kwa Wayahudi isingeruhusu ndoa hiyo, na kwamba si vema kuwafundisha vijana kuwa wema hulipwa sikuzote kwa furaha ya dunia. Nadhani vitabu vingi vilivyoandikwa baadaye, ambamo bwana wa Kinormani humwoa binti wa Kisaksoni, au Mwingereza humwoa Mskoti, vinawapa wasomaji mwisho ule walionyimwa na Scott.

Mwaka 1825 alitoa The Talisman, kitabu cha Vita vya Msalaba. Mwanzoni mwake Mkristo na Mwislamu wanapigana jangwani, hakuna ashindaye, kisha wanaketi pamoja penye kisima na kula. Mwislamu huyo ni Sultani Salahuddin aliyejigeuza, ambaye baadaye anakwenda kama tabibu kumponya adui yake Mfalme Richard. Hayo ni mambo ya kubuniwa, kwa maana Richard na Salahuddin hawakuonana kamwe. Lakini kitabu kinataja pia shauri la ndoa kati ya pande mbili, na shauri la namna hiyo lilikuwako kweli. Mwaka 1191 Richard alileta wazo kwamba dada yake Joan aolewe na al-Adil, ndugu yake Salahuddin, ili vita viishe. Ndoa hiyo haikufanyika.

Si haki kumsifu mtu bila kutaja makosa yake. Wataalamu wa historia wamemlaumu Scott, kwa sababu mwaka 1194 Wasaksoni na Wanormani walikuwa wamekwisha kuchanganyika sana. Tena mwaka 1822, Mfalme George IV alipozuru Edinburgh, Scott ndiye aliyeyapanga mapokezi, na mfalme akavaa vazi la watu wa milimani, lile lililopigwa marufuku baada ya vita vya Culloden vya mwaka 1746. Ilikuwa sherehe nzuri ya mapatano. Lakini katika miaka ile ile wengi wa watu hao wa milimani walikuwa wakifukuzwa katika mashamba yao ili kondoo wapate malisho. Nguo haiponyi kidonda kisichooshwa.

Mwezi wa Januari 1826 msiba ukamwangukia. Kampuni za wapiga chapa alizoshirikiana nazo zilifilisika, naye akajikuta ana deni la zaidi ya pauni 120,000. Mwezi wa Mei mwaka huo Charlotte akafariki. Scott alikuwa na umri wa miaka 54. Angeweza kutangaza kwamba amefilisika, akaachiliwa. Alikataa, akawaomba wadai wampe muda, akaketi mezani kuandika. Wahenga wetu walisema dawa ya deni ni kulipa, naye aliinywa dawa hiyo mpaka mwisho. Baadaye mdai mmoja alikataa mapatano na kutaka kumfunga. Mtu mmoja akalilipa deni lile kwa fedha zake, karibu pauni 2,000, asiseme neno. Mtu huyo alikuwa William Forbes, yule aliyemwoa Williamina. Scott hakupata kujua mpaka Forbes alipokwisha kufa mwaka 1828.

Katika miaka hiyo ya taabu Scott aliandika pia maisha ya Napoleon, adui mkubwa wa nchi yake katika ujana wake, kitabu cha juzuu 9 kilichotoka mwaka 1827. Alijitahidi kumtendea haki. Kisha kiharusi kilimpiga zaidi ya mara moja, naye hakuacha kuandika. Mwaka 1831 serikali ilimpa nafasi katika manowari, akaenda Malta na Naples kutafuta afya, asiipate. Alifia nyumbani kwake Abbotsford tarehe 21 Septemba 1832, akazikwa katika magofu ya Dryburgh pembeni mwa mke wake. Vitabu vyake viliendelea kuuzwa, na mwaka 1847 deni lote likawa limekwisha.

Basi kwa nini hadithi za maadui waliopendana hazichoki? Si kwa ajili ya farasi na deraya peke yake. Kila mmoja wetu amerithi nyumbani jina la mtu au la watu alioambiwa asiwapende, na wengi hatukuulizwa kama twautaka urithi huo. Hadithi hizi hutupa nafasi ya kuuliza kama ni lazima kuupokea. Scott alijibu kwamba si lazima, lakini alionya kwamba mapenzi ya vijana wawili hayatoshi. Lazima pawe na mtu wa kuweka kitu chini: mama wa Margaret aliweka kisasi, na Forbes aliweka fedha na kunyamaza. Wanafunzi wasome vitabu hivyo kwa furaha, na wanapofika mwisho watafute ni nani aliyeweka kitu chini, na ni kitu gani. Wazazi nao wakipenda kuvisoma, watajikuta humo pia.