Elizabeti wa Ureno, malkia aliyejitia katikati ya majeshi mawili

Elizabeti alizaliwa mwaka wa 1271, binti wa mfalme wa Aragon, inchi ambayo leo ni sehemu ya Uhispania. Alikuwa angali mtoto alipoolewa na Dinis, mfalme wa Ureno. Bwana yake alizaa watoto inje ya ndoa, lakini Elizabeti aliwalea na wao pia.

Shida kubwa ilitoka mule mule nyumbani. Mtoto wake Afonso aliona kama baba anapenda zaidi mmoja wa wale waliozaliwa inje, akaogopa kunyanganywa kiti. Akakamata silaha. Mfalme akawaza kama mama anasaidia mtoto, akamtuma kukaa mbali, Alenquer. Hata hivyo Elizabeti hakuchagua upande. Mwaka wa 1323, pale Alvalade karibu na Lisbon, majeshi ya baba na ya mtoto yalikuwa tayari yanatazamana. Mama akaja akapita katikati yao, na wakapatana.

Dinis alikufa mwaka wa 1325. Mjane akaenda kukaa Coimbra, akahudumia wagonjwa na maskini. Mwaka wa 1336, Afonso, sasa mfalme, akaingia ugomvi na mfalme wa Castile, mjukuu wa Elizabeti. Mama, tayari mzee, akashika tena njia kwenda kuwapatanisha. Alifika Estremoz, akagonjwa, akafa tarehe 4 mwezi wa saba.

Mara ile vita haikuzuilika. Lakini watu hawakusahau ni nani aliyeenda. Papa Urban VIII alimtangaza mtakatifu mwaka wa 1625.