Peter Lorre: Mkimbizi aliyeishi kwa kuigiza uovu

Na Mwandishi Wetu

MACHO makubwa yaliyotokeza, uso wa mviringo na sauti ya chini iliyokaribia kunong'ona vilitosha kumtambulisha Peter Lorre kwa wapenzi wa sinema za zamani, hata kabla jina lake halijatajwa.

Hakuwa shujaa anayeondoka na mrembo mwishoni mwa hadithi. Kwa zaidi ya miaka 30 alikuwa tapeli, jasusi au muuaji anayeonekana kwa dakika chache, lakini akakumbukwa muda mrefu baada ya taa za ukumbi kuwashwa.

Pamoja na hayo, mtu huyo aliyepata riziki kwa kuigiza wauaji alikuwa mwenyewe amewakimbia wauaji wa kweli.

Alizaliwa Juni 26, 1904, akaitwa László Löwenstein, katika familia ya Kiyahudi. Mji wake wa kuzaliwa, Rózsahegy, wakati huo ulikuwa chini ya dola ya Austria-Hungaria. Leo unaitwa Ružomberok na uko Slovakia.

Ujanani alikuwa karani wa benki mjini Vienna, lakini moyo wake ulikuwa jukwaani. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alifika Berlin, ambako alifanya kazi na mwandishi wa tamthilia, Bertolt Brecht.

Mwaka 1931 mwongozaji Fritz Lang alimpa nafasi kuu katika filamu ya M, akiigiza mtu anayewaua watoto. Katika sehemu ya mwisho, muuaji huyo anashtakiwa na genge la wahalifu na kulia kwamba hawezi kuitawala nafsi yake. Watazamaji wengi walijikuta wakimhurumia mtu waliyekuwa wakimchukia.

Umaarufu huo haukumkinga. Adolf Hitler alipotwaa madaraka mwaka 1933, Lorre aliondoka Ujerumani, akapitia Vienna na Paris, kisha akaingia London.

Huko Alfred Hitchcock alimchukua katika filamu ya The Man Who Knew Too Much ya mwaka 1934. Kwa kuwa Kiingereza chake kilikuwa haba, sehemu kubwa ya maneno yake aliikariri kwa kufuata sauti tu. Baadaye akavuka bahari kwenda Hollywood.

Lakini sura yake ilibaki mikononi mwa aliowakimbia. Mwaka 1940 Wanazi walitoa filamu ya propaganda dhidi ya Wayahudi, wakapachika ndani yake kipande cha M. Kilio cha mhusika wa kubuni kikageuzwa kuwa ushahidi dhidi ya jamii nzima.

Marekani nayo ilimwona kwa sura yake. Kati ya mwaka 1937 na 1939 aliigiza filamu nane akiwa Mr. Moto, mpelelezi wa Kijapani, ingawa yeye alikuwa Mzungu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Lorre aliinama.

Heshima kubwa zaidi ilikuja na The Maltese Falcon ya mwaka 1941, kisha Casablanca ya mwaka 1942. Katika Casablanca aliigiza Ugarte, mlanguzi wa vibali vya kusafiria anayefanya biashara na wakimbizi wenye hofu. Hofu hiyo hakuhitaji kufundishwa na mtu.

Maisha yake nje ya kamera yalikuwa magumu. Tangu ujana, baada ya kufanyiwa upasuaji, alinaswa na uraibu wa mofini, na mwaka 1949 alitangaza kufilisika.

Akarejea Ujerumani na mwaka 1951 akatoa Der Verlorene, filamu pekee aliyoiongoza. Inamhusu mwanasayansi anayemuua mchumba wake, na utawala wa Kinazi unaficha uhalifu huo kwa sababu unamhitaji. Wajerumani, waliokuwa wakijitahidi kusahau, hawakuipokea. Lorre alirudi Marekani na hakuongoza filamu nyingine.

Mwaka 1953 alikuwa miongoni mwa waigizaji wa Beat the Devil, kisa cha matapeli wanaopanga safari ya kwenda Afrika Mashariki ya Waingereza kutafuta urani. Mwaka uliofuata alikuwa adui wa kwanza wa James Bond kuonekana kwenye skrini, katika tamthilia ya televisheni ya Casino Royale.

Alifariki dunia kwa kiharusi mjini Los Angeles Machi 23, 1964, akiwa na umri wa miaka 59.

Leo Der Verlorene inatazamwa kwa heshima ambayo mwenyewe hakuiona. M, iliyopigwa marufuku na Wanazi mwaka 1934, bado inaoneshwa na kufundishwa. Kipande kilichoibwa ili kuchochea chuki kimerejea mahali pake, ndani ya kazi ya mwigizaji aliyejua kumwonesha binadamu hata katika uovu wake.