Kihara wa Alliance: Mwalimu wa darasa lenye lugha kibao

Panda matatu ya Kikuyu katikati ya jiji. Utapita Westlands, Kangemi, Uthiru na Kinoo, na kabla hujamaliza kujibu meseji zako utakuwa umefika. Hapo ndipo ilipo Alliance High School, ile shule ambayo matokeo ya mtihani yakitoka lazima itajwe. Shule unaijua. Lakini mzee aliyeisimamia hadi ikapata jina hilo, pengine umemsikia kijuujuu tu. Anaitwa Edward Carey Francis. Wanafunzi wake walimbandika jina Kihara, yaani upara kwa Kikikuyu. Wanafunzi ni wale wale tangu zamani, bwana.

Nakusimulia habari zake kwa sababu ya swali moja ambalo walimu wa Nairobi bado linawatoa jasho: ukipewa darasa ambalo kila mtoto ametoka kwao na lugha yake na desturi zake, utalifunza vipi?

Carey Francis alizaliwa London mwaka wa 1897. Alipigana katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, akarudi mzima, akasoma hisabati Cambridge hadi akawa anafundisha huko huko, katika chuo cha Peterhouse. Mtu kama huyo angekaa hapo akila mshahara wake kwa raha mpaka uzeeni. Yeye mwaka wa 1928 aliacha yote, akaja Kenya kama mmishonari wa CMS kuongoza shule ya Maseno, kule karibu na Kisumu. Oginga Odinga ni mmoja wa waliopita mikononi mwake huko.

Mwaka wa 1940 akahamia Alliance. Shule hiyo ilikuwa imeanzishwa mwaka wa 1926 na muungano wa makanisa ya Kiprotestanti, na ndiko jina lilikotoka. Kumbuka enzi hizo shule za sekondari za Waafrika zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Kwa hivyo vijana walitoka kila pembe ya nchi. Katika miaka yake, Ronald Ngala alitoka Pwani, kwa Wagiriama. Benjamin Kipkorir alitoka Marakwet. Ngũgĩ wa Thiong'o yeye alitoka Limuru, hapo jirani tu. Hawakuwa pamoja wote wakati mmoja, lakini wanakuonyesha lile bweni lilikuwa la watu gani.

Hebu jiweke hapo. Umefika kidato cha kwanza, kijana wa kitanda cha kulia anaota kwa lugha usiyoijua, wa kushoto vilevile. Darasani ni Kiingereza, na mtihani unaokungoja umetungwa Cambridge. Simu ya kukutafsiria hakuna.

Kihara alifanya nini? Kwanza, hakubali ukabila. Sheria ilikuwa moja kwa kila mtu, na mtoto wa chifu hakupata kiti tofauti na mtoto wa maskini. Alikuwa mkali, na fimbo ilikuwepo. Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kujionyesha: kaptura ya khaki, soksi ndefu, basi. Hakuoa wala hakuwa na watoto, kwa hivyo shule ndiyo iliyokuwa nyumba yake. Pili, alikuwa mwalimu wa hesabu, na hesabu haina kabila. Mtoto asiyejua neno la Kiingereza la kueleza jambo anaweza kulionyesha ubaoni. Tena hakuishia Alliance, aliandika vitabu vya hesabu vilivyotumika katika shule za msingi.

Halafu ikaja Hali ya Hatari, Oktoba 1952. Kikuyu ilikuwa katikati ya moto. Kuna wanafunzi waliokuwa na ndugu msituni, Ngũgĩ akiwa mmoja wao, na wengine walifunga shule wakakuta kijiji chao kimebomolewa. Carey Francis aliwapinga Mau Mau waziwazi, hilo tusilifiche. Lakini pia aliilalamikia serikali kuhusu vipigo na ukatili wa askari wake, wakati Wazungu wengi walikuwa wameamua kunyamaza. Ukiwa kijana unayeshukiwa kila kizuizi cha barabarani kwa sababu ya kabila lako, ni jambo kubwa kujua kwamba kuna lango moja ukiliingia unahesabiwa kuwa mwanafunzi. Mtoto mwenye hofu haingizi kitu kichwani, hata umfunze kwa lugha gani.

Sasa nifike kwenye upande ambao hakuuona vizuri. Katika shule yake, kupanda ngazi kulikuwa kupanda kwa Kiingereza. Kila mwaka wanafunzi waliigiza tamthilia ya Shakespeare, na walifanya vizuri sana. Lakini lugha ya mama, hadithi za nyanya, vitendawili na nyimbo za kwenu havikuwa na kazi darasani. Hakuna aliyehitaji kukwambia. Ulielewa mwenyewe kwamba mzigo huo unauacha langoni. Ngũgĩ alikuja kupambana na jambo hilo karibu maisha yake yote, hadi akaanza kuandika riwaya zake kwa Kikikuyu.

Lakini hapa ndipo hadithi inanogea. Katika miaka ya 1950, shule hiyo hiyo ya Shakespeare, wanafunzi walianza kutunga na kuigiza michezo yao kwa Kiswahili. Henry Kuria aliandika Nakupenda Lakini. Kimani Nyoike akaandika Maisha ni Nini. Gerishon Ngugi akaja na Nimelogwa Nisiwe na Mpenzi. Yalikuwa mambo ya mapenzi, pesa na maisha ya mjini, mambo ambayo hata wewe leo ungeyatazama. Baadaye michezo hiyo ilichapishwa kuwa vitabu, na ukisoma historia ya tamthilia ya Kiswahili nchini Kenya utaikuta mapema kabisa.

Angalia walichofanya. Kiingereza kilikuwa cha mwalimu, na lugha ya nyumbani ingemwacha mwenzako nje. Wakachukua lugha ambayo wengi wao hawakuzaliwa nayo lakini kila mmoja angeweza kucheka nayo. Swali la mwalimu lilijibiwa na wanafunzi.

Mwaka wa 1962 Carey Francis alistaafu Alliance. Wengi wangepanda meli wakarudi Uingereza. Yeye alivuka jiji akaenda kufundisha Pumwani Secondary, tena kama mwalimu wa kawaida tu. Pumwani ni mtaa wa zamani wa Waafrika hapa Nairobi, makabila yote mlango kwa mlango na Kiswahili kikizunguka kama maji. Alliance ilikuwa imechagua vijana wake. Pumwani ilipokea watoto wa mtaa, wanaorudi nyumbani kila jioni. Alifundisha huko hadi alipofariki mwaka wa 1966, akazikwa Alliance.

Kwa nini haya yakuhusu? Kwa sababu ripoti ya Gachathi ya mwaka wa 1976 ilipendekeza watoto wa madarasa ya chini wafunzwe kwa lugha ya eneo lao, na mjini penye mchanganyiko Kiswahili ndicho kinachofaa. Lakini nenda Kawangware au Kangemi. Mtoto anafika shuleni na Sheng ya ploti, Kiluhya au Kikamba cha mama, na anakutana na Kiingereza siku ya kwanza. Akinyamaza, anaitwa mzito. Si mzito huyo. Anatafuta mlango.

Pengine wewe ndiye mwalimu wake bila kujua: unafundisha tuisheni likizo, unasaidia mdogo wako na kazi ya nyumbani, au uko na darasa la watoto kanisani au madrasa. Basi chukua kwa Kihara yale mazuri. Lijue jina la kila mtoto na ulitamke sawasawa. Usimpendelee wa kwenu. Onyesha kabla ya kueleza. Kisha ongeza lile alilokosa: mwache mtoto amweleze mwenzake hesabu kwa lugha inayomtoka haraka, hata kama ni Sheng, halafu muitafute pamoja ile ya mtihani. Ukifanya hivyo hujashusha kiwango, umemfungulia mlango aliokuwa akiutafuta.